Kupanga

Lugha yangu ina ubahili wake:
kukodi nyumba, kupanga;
kuzitandaza siku zijazo mezani, kupanga;
na vyombo vikishaoshwa, kuvipanga vilevile.
Basi usiku huu wa Februari, Hamilton,
mpangaji anapanga,
kwa penseli, nyuma ya bili ya gesi,
na uwanja wenyewe hauonekani,
theluji imeufunika hadi kwenye bomba.

Hatua kumi na moja kwa saba.
Nilizipima Novemba kwa viatu vya kazini,
nimetoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali,
Bi Doreen akinichungulia juu ya wigo
kama anayemwona mtu akitafuta pa kuzika kitu.

Nusura ana miaka tisa na rula.
Alichora banda la kuku kabla sijamsomea mkataba,
kifungu cha kumi na nne: hakuna kiumbe chenye mabawa.
Kuku wanne walikwishapewa majina.
Akawafuta watatu. Wa nne, Pilipili,
kamwacha juu ya paa. "Huyu anapita tu."

Halafu barua ya maabara.
Udongo una risasi, nikasoma kwa sauti,
naye akaacha kuchora:
"Nani alipigwa?"

Hakuna aliyepigwa. Ni rangi ya zamani,
imebanduka ukutani miaka themanini, ikinyeshewa.
Ni madini, mwanangu.
Lugha yetu, nimekwambia, ni bahili.

Kwa hiyo, ndoo.
Ndoo nyeupe za sukari ya kupambia keki,
kijana wa duka la mikate huniwekea mbili kila Ijumaa;
kumi na saba zimepangwa (neno hilo tena) chini ya ngazi,
nyumba nzima yanukia vanila.
Matundu matano kitakoni, changarawe,
mboji ya kununua mwaka huu,
ya kwetu wenyewe mwakani, maganda yakikubali kuoza.
Sukuma wiki itangulie, haiogopi baridi,
na huku pia wiki zinahitaji kusukumwa.
Nyanya zisitoke nje kabla Mei haijaisha,
hata jua lizibembeleze vipi.
Mchicha, hapa tulicheka:
Bi Doreen huung'oa kila Julai kwa hasira,
magugu, anasema, na kuutia mfukoni pamoja na majani makavu.
Ningemwomba mfuko huo,
lakini nyumba zetu ni pacha, na rangi ilikuwa ileile.

Dola mia na arobaini, basi.
Na pipa la maji ya mvua,
nikimkuta Bwana Ferreira siku ya tabasamu.
Sitatamka bustani. Nitasema "ndoo chache."
Akiuza nyumba,
safari mbili za pikapu ya shemeji Lukanda,
nyanya zimefungwa mkanda kama abiria.

Kila kitu kinabebeka. Nilikuwa najivunia hilo
hadi penseli ilipofika Oktoba.

Maana kitunguu saumu hakitaki ndoo; humo baridi hukipasua.
Kinataka ardhi, ile kona ya nyuma
ambako namba ya maabara ilikuwa ndogo.
Punje hufukiwa Oktoba, hulala chini ya theluji,
huvunwa Julai.
Julai nyingine.
Mkataba unakwisha Novemba, tarehe thelathini.

Nikaweka kiulizo. Nikakifuta.
Nikaenda kupasha chai, nikasimama pale
hata baada ya kuchemka.

Niliporudi Nusura alikuwa amelalia rula,
alama za sentimita shavuni,
na kwenye kisanduku cha Oktoba, kwa kalamu nene,
ile isiyofutika, ile niliyomkataza,
SAUMU,
wino umepenya hadi upande wa pili
ambako kampuni ya gesi inangoja kulipwa.